Jinsi ya kuutambua ukoo wa protini ya ribosomu kwa herufi tisa

Mkata nguzo katika delta ya Rufiji hapimi urefu wa mti ili ajue kama ni mkoko au mchu. Mkoko una mizizi ya miguu inayotoka shinani na kuzama topeni. Mchu hutandaza mizizi chini kwa chini na kuchomoza vijiti vya kupumulia. Mti mmoja utarefuka kando ya mkondo wa Simba Uranga, mwingine wa aina ileile udumae penye chumvi kali, lakini mizizi haibadiliki. Anayetaka kujua protini fulani ni ya ukoo gani hufanya kazi hiyohiyo: hutafuta kile ambacho ukoo wote umekitunza, mengine akayaacha.

Maelezo haya ni ya mwalimu wa baiolojia wa kidato cha tano na sita, mwanafunzi wa chuo aliyerudi Kibiti likizo, au mtaalamu wa maabara aliyezoea kusikia kwamba kazi ya mifuatano ya jeni ni ya wenye kompyuta kubwa. Unahitaji simu yenye intaneti, daftari la hesabu la miraba na kalamu. Kompyuta ikiwepo ni vizuri, ingawa kuna mahali itakudanganya, nami nitapataja.

Tuchukue ukoo mmoja tu, ule wa protini iitwayo S12. Ribosomu ni mashine ya seli inayosoma ujumbe wa jeni na kuunga asidi amino moja baada ya nyingine mpaka protini ikamilike. Ribosomu ya bakteria E. coli ina protini 54, ya binadamu ina 80. Baadhi yake zimo katika kila kiumbe chenye seli, kuanzia bakteria wa topeni hadi mvuvi anayelikanyaga tope hilo, na S12 ni mojawapo. Inakaa pale hasa ribosomu inapohakiki kwamba kila kodoni imepata asidi amino yake. Mahali penye kazi nyeti namna hiyo, mabadiliko mengi huua kiumbe, kwa hiyo herufi zake zimetulia kwa mabilioni ya miaka.

Kabla ya kutafuta chochote, achana na majina. Ukitafuta S12 ya binadamu utaletewa protini iitwayo RPS12, nayo si ndugu wa S12 ya bakteria hata kidogo. Ndugu wa kweli kwa binadamu anaitwa RPS23. Majina haya yalitolewa zamani kwa kufuata jinsi protini zilivyojitenga maabara, kila kiumbe kikiwa na orodha yake, na ndiyo maana mwaka 2014 wataalamu wa ribosomu walikubaliana juu ya majina mapya ambamo ukoo huu wote huitwa uS12. Hata hivyo majina ya zamani bado yamejaa kwenye hifadhi za data. Mfuatano wenyewe ndio wa kuaminiwa.

Sasa kusanya ndugu. Kosa la kawaida ni kukusanya ndugu wengi wa karibu: bakteria kumi wa jamii moja watafanana karibu kila herufi, na ruwaza utakayoitoa itakuwa ya jamii ile, si ya ukoo. Ni afadhali wanne waliotengana sana. Fungua UniProt, ambayo ni bure na hufunguka hata kwenye simu, uchukue S12 ya E. coli (namba P0A7S3), RPS23 ya binadamu (P62266), S12 ya aina H37Rv ya bakteria wa kifua kikuu (jeni yake huitwa rpsL), na rps12 ya kloroplasti ya tumbaku. Kloroplasti tunaihitaji kwa sababu ina ribosomu zake yenyewe, urithi wa bakteria aliyemezwa na seli zamani sana. Jani la mchu linazo, la mpunga wa Rufiji pia.

Andika vipande hivi kwenye daftari la miraba, herufi moja kila mraba:

E. coli: VYTTTPKKPNSALRKVCRVRL
Kifua kikuu: VYTTTPKKPNSALRKVARVKL
Kloroplasti: VYTITPKKPNSALRKVARVRL
Binadamu: KVGVEAKQPNSAIRKCVRVQL

Kila herufi ni asidi amino: K ni lisini, R ni ajinini, P prolini, N asparajini, S serini, A alanini, L lusini, I isolusini, Q glutamini. Shuka safu kwa safu na kalamu. Penye herufi moja kwa wote wanne, zungushia. Utaona P, N, S na A zimesimama pamoja bila kutikisika, zikitanguliwa na K nafasi mbili nyuma na kufuatwa na R na K. Katikati ya A na R kuna L kwa watatu na I kwa binadamu. Hizo mbili ni asidi amino zinazokaribiana mno kwa umbo na tabia, zote hazipendi maji, hivyo kubadilishana kwao si jambo la kushangaza. Kabla ya P kuna K kwa watatu na Q kwa mmoja.

Kuandika ruwaza kuna kanuni zake. Zinazotumika zaidi ni za hifadhi ya PROSITE, iliyoanzishwa na Amos Bairoch kule Geneva mwishoni mwa miaka ya 1980. Kistari hutenganisha nafasi; x maana yake herufi yoyote; mabano ya mraba maana yake mojawapo ya hizi; mabano ya mawimbi maana yake yoyote isipokuwa hizi. Kwa ndugu zetu wanne tunapata:

K-x-P-N-S-A-[LI]-R-K

Nafasi tisa. Upande wa kulia mbele kidogo utaona R-V-x-L nayo imetulia kwa wote wanne, na mkono utawasha kuiongeza. Usiiongeze kwanza. Kila herufi unayoongeza inapunguza wageni wanaoingia kwa bahati, lakini inaongeza hatari ya kumfungia nje ndugu halali ambaye hujawahi kumwona. Mimi huanza na kipande kifupi kinachotosha, kisha nakirefusha pale tu wageni wanapozidi.

Je, tisa zinatosha? Piga hesabu. Kuna asidi amino 20. Tukijifanya kwamba zote zina nafasi sawa, kipande P-N-S-A peke yake kitatokea kwa bahati mara moja katika kila nafasi 160,000. Bakteria wa kifua kikuu, ambaye jenomu yake ya herufi zaidi ya milioni 4.4 ilichapishwa mwaka 1998, ana jeni zipatazo 4,000. Tukikadiria herufi 300 kwa kila protini tunapata nafasi milioni 1.2, yaani P-N-S-A itajitokeza kwa bahati mara saba au nane ndani ya kiumbe mmoja. Haifai kitu. Ruwaza nzima ina herufi saba zilizofungwa na nafasi moja ya wawili: bahati yake ni mara moja katika nafasi bilioni 12 na ushei. Hapo ukimpata mtu, ana undugu wa kueleza. Hesabu ni ya juujuu, kwa sababu asidi amino hazina wingi sawa, lakini inatosha kuamua kama ruwaza yako ni fupi mno.

Sasa tufike kwenye kifua kikuu, kwa sababu ndipo ruwaza yetu inapovunjika, na inavunjika kwa namna yenye faida.

Streptomisini, dawa ya kifua kikuu, iligunduliwa mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman kule Marekani, mikononi mwa mwanafunzi wake Albert Schatz. Hushika RNA ya ribosomu ya bakteria jirani kabisa na S12, na kuifanya isome kodoni vibaya. Tanzania inaijua vizuri dawa hii. Mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, na kazi aliyoifanya Karel Styblo hapa nchini ndiyo iliyoweka msingi wa mkakati wa DOTS uliotumika duniani. Katika miaka ya 1980 sindano ya streptomisini ilikuwa sehemu ya miezi miwili ya mwanzo ya tiba fupi, na baadaye ikabaki kwa wanaorudia matibabu, mpaka Shirika la Afya Duniani lilipoacha kupendekeza mpangilio huo wa kurudia mwaka 2017.

Bakteria wanaohimili dawa hii mara nyingi wamebadilisha herufi moja tu katika jeni ya rpsL: kodoni ya 43, AAG, imekuwa AGG. Lisini imekuwa ajinini. Hesabu kutoka mwanzo wa protini ya kifua kikuu na utakuta kwamba nafasi ya 43 ndiyo ile K ya kwanza ya ruwaza yetu. Yaani ruwaza tuliyoiandika kwa uangalifu mkubwa, kwa herufi ambazo E. coli, tumbaku na binadamu wamezitunza, itamkataa bakteria wa kifua kikuu aliyepata usugu. Mtafiti atakayepitisha jenomu za wagonjwa kwenye chujio hilo atawapoteza wale hasa aliokuwa na haja nao, na programu haitamwambia neno.

Dawa ya tatizo hili ni kuilegeza nafasi hiyo moja:

[KR]-x-P-N-S-A-[LI]-R-K

Bahati ya mgeni kuingia inaongezeka mara mbili, hadi mara moja katika nafasi bilioni 6.4, bei ambayo kila mtu angeilipa. Zingatia namna tulivyoilegeza. Hatukuweka x. K na R zote mbili zina chaji chanya na ndefu kiasi kile kile. Tumefungua mlango kwa herufi ambayo tuna ushahidi kwamba ukoo unaikubali. Kulegeza nafasi kwa kubahatisha, eti huenda kuna ndugu mwenye herufi nyingine, ndiko kunakozifanya ruwaza nyingi za wanafunzi zilete matokeo mia tatu.

Jambo la pili ambalo K43 inafundisha ni mipaka ya mbinu yenyewe. Ruwaza iliyorekebishwa inawapokea bakteria anayekufa kwa streptomisini na yule asiyekufa bila kuwatofautisha. Inajibu swali la ukoo tu. Ukitaka kujua usugu, lazima uisome nafasi ya 43 herufi kwa herufi, na nafasi ya 88 pia, ambako K kugeuka R huleta usugu vilevile. Na mashine ya GeneXpert iliyoenea hospitalini isikuchanganye: hiyo huangalia jeni ya rpoB kwa ajili ya rifampisini, haigusi rpsL.

Nafasi ya 88 inatupeleka kwenye uthibitisho wa pili. Kipande kimoja hata kiwe kizuri vipi, napenda kipate shahidi. Mara tu baada ya K88 mfuatano wa kifua kikuu unasema DLPGVR, E. coli na kloroplasti wanasema hivyohivyo. Binadamu anasema DIPGVR. Ruwaza ya pili basi ni D-[LI]-P-G-V-R. Usiiingize K88 yenyewe, kwa sababu binadamu ana G mahali hapo, na kwa kifua kikuu ndipo usugu unapotokea. Sasa pima umbali kutoka herufi ya kwanza ya ruwaza ya kwanza hadi D: kwa E. coli, kifua kikuu na kloroplasti ni 46, kwa binadamu ni 54. Protini yenye vipande vyote viwili, kwa mpangilio huo, vikiwa vimetengana kwa umbali wa karibu na huo, huhitaji kuijadili tena.

Tofauti ya 46 na 54 inakupa kitu cha ziada: inakuonyesha tawi, na si hiyo peke yake. Tazama tena herufi zilizo kabla ya ruwaza. Bakteria na kloroplasti wana VYT ikifuatiwa na ITP au TTP, halafu KKPNSA. Binadamu ana VEAKQPNSA. Ukiwa na DNA iliyochanganyika, mfano ya tope la Nyamisati lenye bakteria, majani ya mikoko yaliyooza, magamba ya kamba na mayai ya kaa, ruwaza ya tisa itawaita wote pamoja kama ukoo, kisha herufi za jirani zitakuambia nani ametoka tawi la bakteria na nani ana sura kama ya binadamu. Kutofautisha bakteria na kloroplasti ni kugumu zaidi, na hapo usitegemee kipande kifupi; linganisha protini nzima. Ukitaka kuchota tope lenyewe kwa utafiti, mikoko ya delta ni hifadhi ya msitu chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) na kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Ila kwa kujifunza, mifuatano iliyokwisha kuwekwa hadharani inatosha kwa miaka.

Mitego ya kompyuta sasa. Wa kwanza umewanasa wengi. Ukipakua RPS23 ya binadamu kutoka UniProt kwa muundo wa FASTA, kila mstari una herufi 60. K ya kwanza ya ruwaza yetu kwa binadamu iko nafasi ya 60 kamili. Mstari unakatika hapohapo, K inabaki juu, QPNSAIRK inashuka chini. Amri ya grep, inayosoma mstari kwa mstari, itakuapia kwamba binadamu hana protini ya ukoo huu. Mfuatano uleule ukiupakua mahali panapokata mistari kwa herufi 70, utapatikana. Kwa hiyo unganisha mistari yote ya kila protini kuwa mmoja kabla ya kutafuta, halafu andika [KR].PNSA[LI]RK, ambapo nukta imechukua nafasi ya x. Ukitumia ScanProsite kwenye simu, tatizo hili halipo; unabandika ruwaza na mfuatano, inakujibu.

Wa pili ni wa namba. Vitabu vya zamani vya E. coli huita nafasi za usugu 42 na 87, kwa sababu methionini ya mwanzo hukatwa protini ikishatengenezwa na waandishi hao hawakuihesabu. Wa kifua kikuu huihesabu, wakapata 43 na 88. Ni herufi zilezile. Daftarini andika siku zote kama umehesabu methionini au la.

Wa tatu ni wa mimea. Katika kloroplasti, jeni ya rps12 imekatwa vipande, na kipande cha kwanza kiko mbali kabisa na vingine kwenye jenomu. Seli husoma kila upande peke yake kisha huunganisha RNA mbili. Kwa tumbaku kipande hicho cha kwanza kina kodoni 38, kinaishia kwenye VY unayoiona mwanzoni mwa mstari wetu. Ruwaza yenyewe iko kwenye kipande cha pili, hivyo ukitafsiri DNA ya kloroplasti ya mkoko au mchu kwa fremu zote sita, ruwaza utaipata, ila protini itaonekana haina kichwa. Usiandike kwamba jeni imeharibika.

Kuna siku ruwaza itanyamaza kabisa ingawa una sababu ya kuamini kwamba ndugu yupo. Hapo ndipo mbinu ya pili inapoingia: badala ya ndiyo au hapana kwa kila nafasi, kila herufi hupewa alama kulingana na mara ngapi ukoo umeitumia mahali pale, na jumla ndiyo inayoamua. Pfam ina kielelezo cha namna hiyo kwa ukoo huu, namba PF00164, na InterPro itakuonyesha matokeo yake na ya PROSITE kwa pamoja. Mtu atauliza kwa nini basi tusianzie huko. Kwa sababu kielelezo kikikupa alama ya juu hujui ni herufi gani iliyoamua, lakini aliyezungushia safu kwa kalamu anajua. Na ile prolini ya katikati ina habari yake: kwa binadamu ni prolini ya 62, na seli hutumia kimeng'enya maalumu, OGFOD1, kuipachika kikundi cha haidroksili. Herufi inayotunzwa hivyo ina kazi, na kazi hiyo ndiyo huizuia kubadilika.

Zoezi la kufanya peke yako ni la malaria. Kimelea Plasmodium falciparum kina ribosomu za kwenye saitoplazimu, kama sisi, na nyingine ndani ya kiungo kidogo kiitwacho apikoplasti, masalia ya kloroplasti, chenye jenomu yake ya herufi zipatazo 35,000. Doksisaiklini na klindamisini huishambulia ribosomu hiyo ya pili. S12 zipo pande zote mbili. Kabla ya kutafuta, andika daftarini unatarajia ipi itakuwa na sura ya KQPNSA na ipi itakuwa na sura ya bakteria, kisha tafuta uone. Ila jenomu ya kimelea hiki imejaa A na T kiasi cha asilimia 80 hivi, na kodoni za A na T huzaa lisini na asparajini kwa wingi, yaani K na N, ambazo ni herufi za ruwaza yetu. Hesabu ya bahati tuliyoipiga juu, ya moja kwa ishirini kwa kila herufi, usiipeleke huko kama ilivyo. Hesabu kwanza ni K ngapi na N ngapi katika kila herufi mia za protini za kimelea, ndipo upige upya.